Krimu Ikikuunguza Uso, Acha Leo: Majibu kwa Mabinti Wanaouziwa Dawa za Kuzuia Uzee

Zamani waliokuja kliniki yetu ya ngozi hapa Mbeya na uso ulioungua walikuwa akina mama waliojipaka mkorogo. Siku hizi wanakuja mabinti wa chuo. Boom, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka tu, hela ya chakula inaishia kwenye krimu ya kuondoa mikunyanzi ambayo hawana. Haya ndiyo wanayotuuliza.

Nina miaka 21. Nianze kuzuia uzee sasa?

Hapana. Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, hupungua polepole kuanzia miaka ya ishirini na kitu, lakini dalili zake huonekana miaka mingi baadaye. Sisi wenye ngozi nyeusi mikunyanzi hutuchelewa zaidi, kwa sababu rangi yetu inatukinga na sehemu ya miale ya jua. Anayekuambia umechelewa ana kopo la kukuuzia.

Mbona naona vimistari chini ya macho?

Ni ukavu. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku inakausha ngozi, halafu unanawa uso kwa maji ya moto na sabuni kali. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara tu baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu, asubuhi na usiku. Vimistari vingi vitapungua. Vitakavyobaki ni vya kucheka na kukunja uso, na kila mwenye uso anavyo. Tena punguza kujipiga picha kwa zile kamera za simu zinazolainisha sura. Ukizizoea, uso wako mzima unaanza kuuona mbovu.

Nimepaka, uso unawaka na kubanduka. Aliyeniuzia anasema ndiyo inafanya kazi, nivumilie.

Usivumilie. Ngozi inayowaka inaungua. Muuzaji akikuambia uchafu unatoka, au ngozi ya zamani inapisha mpya, au siku saba za mwanzo ndivyo zilivyo, jibu letu ni lile lile: inaungua, acha.

Binti mmoja alikuja amejifunika mtandio hadi puani. Alipoutoa, kope zilikuwa zimevimba, mashavu yanang'aa kwa maji yanayochuruzika, na pembeni mwa mdomo ngozi inatoka vipande. Mkobani alikuwa na vikopo vitatu, kimoja hakina lebo, kimeandikwa kwa kalamu "usiku". Cha pili alikinunua kutuliza kuungua kwa cha kwanza, na cha tatu kutuliza cha pili. Alikuwa amevumilia wiki tatu. Angekuja siku ya kwanza, huenda angeondoka na ushauri wa kuacha na mafuta ya kawaida. Alipokuja tayari kidonda kilikuwa na usaha, na mabaka meusi yanayofuata kuungua kwa namna hiyo huchukua miezi kufifia. Alitaka uso laini, akapata madoa ambayo hakuwa nayo.

Si kuna krimu halali zinazobandua ngozi kidogo?

Zipo, kama zenye retinol, aina ya vitamini A. Hukausha ngozi kidogo mwanzoni na huifanya iumizwe na jua kwa urahisi. Kukauka kidogo ni kitu kimoja. Kuwaka, kuvimba, malengelenge na majimaji ni kuungua, hata kama kopo ni halali na la bei kubwa. Na ukiwa mjamzito, au huna hakika kama ni mjamzito, usiziguse kabisa.

Ndani ya vikopo vya mtaani kuna nini?

Vingi havisemi ukweli. Tunachokishuku mara nyingi ni steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi), haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) na zebaki. Steroidi ndiyo inayodanganya zaidi: siku za kwanza uso unakuwa laini na mng'avu, unawasimulia wenzako hosteli. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka. Kama tyubu imeandikwa clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya urembo. Zebaki hupenya hadi kwenye figo. Miguu ikianza kuvimba na mkojo kutoka povu, usingoje.

Nikiacha, uso unaharibika zaidi. Si bora niendelee?

Hapa ndipo wengi wanaponasa. Uso uliozoea steroidi ukiikosa huwa mwekundu, unawaka na kutoa vipele. Binti anadhani ngozi inaihitaji krimu, anarudi dukani, na mwezi unaofuata hali ni mbaya zaidi. Ngozi haiihitaji. Njoo tukusaidie kuiacha. Aliyeitumia kwa miezi mingi tunaweza kumpunguzia taratibu kwa mpango, lakini mpango huo haupangwi na muuzaji.

Basi kipi kinachochelewesha uzee wa ngozi?

Kujikinga na jua, na kutovuta sigara. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Baridi inatudanganya. Unatembea Mwanjelwa saa saba mchana umevaa sweta, unadhani jua halipo. Kofia pana au mwavuli vinatosha kwa wengi wetu. Losheni ya kukinga jua ni nzuri kwa anayeimudu. Kwa mwenye ualbino ni lazima, kwa sababu kwake jua linaleta saratani.

Nije hospitali lini?

Ukihisi tu kuwaka, acha kila unachopaka siku hiyo hiyo. Nawa kwa maji ya baridi, paka mafuta ya mgando matupu, kaa mbali na jua. Usipake limao, dawa ya meno wala krimu nyingine ya kutuliza, tafadhali. Macho yakivimba, ngozi ikitoa malengelenge au majimaji, au ukipata homa, njoo siku hiyo hiyo. Usingoje wikiendi ipite wala mtihani uishe. Bila dalili hizo, kuwaka kukidumu siku mbili tangu uache, njoo pia.

Mtanigombeza?

Hapana. Tutakuuliza umepaka nini na kwa muda gani, basi. Njoo na vikopo vyote, hata vilivyokwisha na visivyo na lebo, kwa sababu bila kuviona tunabahatisha. Na kama unalala na mdogo wako au mnatumia taulo moja, mwambie aje naye. Zebaki hushika kwenye mashuka na mataulo, na mtoto anaweza kudhurika bila kujipaka chochote.