Vali za mapafu kwa mgonjwa wa emfisema: maswali na majibu

Baba ana emfisema, na siku hizi husimama mara kadhaa kabla ya kuumaliza mwinuko wa kivuko cha Likoni. Kwa nini pumzi humwishia?

Hewa imo mapafuni, lakini haitoki. Kuta za vifuko vidogo vya hewa zimeharibika, mara nyingi kwa moshi wa sigara, na kwa wengine kwa moshi wa kuni na makaa uliovutwa jikoni miaka mingi. Hewa iliyokwisha kutumika hunasa humo, pafu hufura, na msuli mkuu wa kupumulia, ulio chini ya mapafu, husukumwa chini ukawa bapa na kukosa nguvu. Uharibifu huo hauponi.

Ni tiba gani hii ya vali isiyopasua kifua?

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera kupitia kinywani hadi kwenye njia za hewa, akaweka vali ndogo, kwa kawaida chache tu, kwenye matawi yanayoelekea sehemu iliyoharibika zaidi. Vali huiruhusu hewa kutoka na kuizuia kuingia. Sehemu hiyo husinyaa, na zile zilizo na afya zaidi hupata nafasi ya kutanuka. Marekani iliidhinisha aina moja ya vali hizi, Zephyr, mwaka 2018. Zinaweza kutolewa zisipofaa, jambo lisilowezekana pafu likishakatwa kwa upasuaji.

Je, kila mgonjwa anafaa?

La, na hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo. Ikiwa ukuta unaotenganisha sehemu za pafu una mapengo, hewa huingia kwa njia ya pembeni na vali hazisaidii kitu. Kwa hiyo lazima ipigwe picha ya CT, na mara nyingine hewa ipimwe ndani ya pafu lenyewe. Mgonjwa hupimwa pia umbali anaotembea kwa dakika 6. Katika utafiti wa vali za Zephyr uitwao LIBERATE, uliochapishwa mwaka 2018, aliyeshindwa kufikisha mita 100 hakuingizwa. Kwa maoni yangu, mzee asiyetoka kitandani asiahidiwe vali kabla ya vipimo.

Hatari yake?

Kubwa zaidi ni hewa kuvuja nje ya pafu na pafu kunywea. Katika utafiti huo ilimpata takriban mgonjwa 1 kati ya 4, wengi wao katika siku 3 za mwanzo, ndiyo sababu mgonjwa hulazwa hospitalini siku hizo. Maumivu ya ghafla ya kifua au pumzi kubana ni dharura hata akiwa amesharudi nyumbani.

Tuanzie wapi hapa Mombasa?

Ombeni rufaa kwa daktari wa kifua, naye ampime baba kwa spiromita, kifaa cha kupulizia cha kupima pumzi, na kuangalia kama anaivuta vizuri dawa ya pampu, kwani wengi hukosea. Mazoezi ya kupumua na kutembea chini ya uangalizi hutangulia vali. Kama alikuwa akivuta sigara, semeni aliacha lini: utafiti ule ulitaka angalau miezi 4.