Je, sonona iko kwenye ukoo au kwenye sahani?

Swali linalokuja mara nyingi kwenye kliniki yetu ya afya ya akili hapa Mwanza haliulizwi na mgonjwa. Huuliza ndugu aliyemsindikiza, tena mlangoni, mgonjwa akiwa ameshatangulia nje: "Dokta, hili jambo liko kwenye damu?" Nyuma ya swali hilo kwa kawaida kuna posa. Wazee wa upande wa pili wamepeleleza ukoo, wakasikia mama wa binti aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, na mazungumzo ya mahari yakapoa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezoea kuuona urithi kwa sura ya siko seli, kwa kuwa huku ipo kwa wingi. Siko seli ina hesabu fupi: jeni (kinasaba) moja, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Tatizo linaanza pale hesabu hiyo inapohamishiwa kwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Jeni moja ya sonona haipo. Mwaka 2019 watafiti waliolinganisha vinasaba vya watu zaidi ya 800,000, karibu wote wenye asili ya Ulaya, walipata sehemu 102 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huo, na mchango wa kila moja ni kidogo mno.

Chukua mapacha, Kulwa na Doto, waliotoka yai moja. Vinasaba vyao ni vilevile. Kulwa akiugua baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kuporomoka, uwezekano wa Doto naye kuugua ni kama asilimia 40 hadi 70. Urithi upo, hatuufichi. Lakini kwa watoto 100 ambao mzazi wao mmoja ana baipola, watakaoipata ni kama 5 hadi 10, wakati kwa watu wa kawaida ni karibu 1. Wazee wa posa wahesabu waliobaki.

Sasa chakula. Hapa naenda taratibu, maana pana biashara. Kuna unga na vidonge vinauzwa kwa madai ya "kutibu mawazo", na wagonjwa wetu wanaviuzia mbuzi. Tunachojua ni hiki. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio dogo la watu 67 wenye sonona. Kundi moja lilisaidiwa kwa wiki 12 kula samaki, kunde, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Lingine lilipata mtu wa kuzungumza naye. Waliopona kabisa kwenye kundi la chakula walikuwa karibu theluthi moja, kwenye lile lingine asilimia 8. Wengi wao walikuwa tayari wanapata matibabu, na hawakuambiwa wayaache. Upande wa pili, Marekani waliwapa watu wazima zaidi ya 18,000 vidonge vya mafuta ya samaki au vya kulinganishia visivyo na dawa kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha vidonge vya mafuta ya samaki havikuzuia sonona.

Kwa hiyo usinunue kopo. Dagaa wa soko letu la Mwaloni wapo. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, na ndani yake mna omega-3, chuma, zinki na vitamini B12. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, si juu ya mchanga. Ongeza matembele au mgagani, na maharage. Inaniuma kidogo kuona dagaa wengi wakienda kwenye chakula cha kuku na minofu ya sangara ikipanda ndege, huku mwenye ziwa akibaki na mapanki, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu.

Kuna mahali huzuni na damu, ile ya mishipani si ya ukoo, vinakutana wazi. Mama mmoja kutoka visiwani aliletwa kwa "huzuni": hana nguvu, hajali watoto, analala mchana. Nilivuta kope la chini la jicho lake, nikakuta ndani peupe kama karatasi. Damu ilikuwa sita, wakati ilitakiwa kufika kumi na mbili. Choo kilionyesha mayai ya kichocho. Tulitibu kichocho na upungufu wa damu kwanza, na sehemu kubwa ya ile "huzuni" ikaondoka nayo. Si wote huisha hivyo, lakini kupima damu ni bei ndogo.

Gongo nalo lihesabiwe. Linaleta usingizi wa saa mbili, kisha linauvuruga usiku wote, na asubuhi mtu anaamka chini zaidi. Na anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, asikate chumvi ghafla wala kushinda juani bila maji. Akifanya hivyo, dawa hiyo hujilimbikiza mwilini hadi kuwa sumu.

Ukoo tunauhitaji kwenye kliniki kuliko kwenye posa. Ndiyo maana tunaomba mgonjwa aje na shangazi. Kijana mmoja alikuwa hali wala hazungumzi kwa wiki tatu, sonona ya wazi, na nilishaanza kuandika dawa. Nikamuuliza shangazi yake kama kuna mwingine katika ukoo. "Kwetu hakuna vichaa, Dokta." Nikageuza swali: je, kuna aliyewahi kuwa na furaha iliyopitiliza? Akacheka. Babu wa kijana, alisema, msimu mmoja aligawia majirani ng'ombe, usiku halali, anaimba hadi alfajiri. Msimu uliofuata akajifungia ndani, uso ukutani. Walisema amerogwa.

Dawa ya sonona peke yake, kwa mtu mwenye baipola, inaweza kumrusha juu kulekule alikokuwa babu. Nilianza kumuuliza kijana upya, safari hii kuhusu siku ambazo hakuhitaji usingizi. Zilikuwepo, mwaka juzi, wiki nzima. Ile karatasi ya dawa nikaichana.