Je, wajua? Siku 21 za kujenga tabia zilitoka kwa daktari wa upasuaji

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jambo ukilifanya siku 21 mfululizo, linakuwa tabia. Nilipoamua kuacha sukari kwenye chai, nilitia alama kwenye kalenda ya ukutani mpaka siku ya 21. Asubuhi ya 22, mawazo yakiwa kwingine, nikakuta mkono umeshachota kijiko. Nikajiona sina msimamo. Kumbe hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Namba hiyo ilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa New York aliyerekebisha sura za watu kwa upasuaji. Aliona kwamba mgonjwa aliyebadilishwa pua huchukua takriban siku 21 kuizoea sura yake kwenye kioo. Tena aliandika “zisizopungua”. Neno hilo likadondoka njiani, na kuzoea pua mpya kukageuzwa kuwa kanuni ya kila tabia. Lakini kuzoea ulichofanyiwa ni jambo moja. Kufanya kitu bila kujikumbusha ni jambo jingine kabisa.

Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walilipima hili la pili, na mwaka 2009 wakatoa majibu. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo, kama kunywa maji, na kulifanya kila siku kwa kulifuatisha na tukio lilelile, tuseme baada ya kifungua kinywa. Nusu ya waliopimika vizuri walihitaji hadi siku 66. Wa haraka kabisa alitumia 18, wa mwisho 254.

Fikiria ujia wa kwenda kisimani. Mara ya kwanza unapita, nyasi zinalala sana. Ya pili zinalala zaidi, ila kidogo kuliko jana. Baada ya wiki kadhaa udongo umejitokeza, na kupita tena hakuongezi kitu. Tabia nayo hupanda hivyo: kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, kisha inatulia. Usipopita siku moja, nyasi hazioti. Hilo nalo lilionekana kwenye utafiti: kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Tahadhari zipo. Utafiti ulidumu siku 84 tu, kwa hiyo 254 ni makadirio. Mwendo huo wa kupanda kwa kasi kisha kutulia uliwakaa vizuri watu 39 pekee. Na walipima kujenga tabia, si kuiacha.

Kwenye kuacha, kilichonisaidia ni kujichunguza. Nilikaa nikiutazama mkono wangu siku kadhaa. Haukusukumwa na hamu ya utamu. Ulianza safari mara chai ilipomaliza kumiminwa kutoka kwenye chupa, kabla sijaonja chochote. Kopo la sukari nimelipandisha rafu ya juu. Mkono bado huenda pale lilipokuwa, pembeni ya chupa, ukagusa meza, ukarudi.