Kwa nini shamba jipya hustawisha mahindi bila mbolea, kisha huchoka?

Aliyewahi kufungua pori anaijua hali hii. Misimu miwili mitatu ya mwanzo mahindi husimama imara, majani yamekolea kijani, na mbolea haijanunuliwa hata kilo moja. Miaka ikisonga, mahindi yaleyale yanaanza kuwa manjano yangali urefu wa goti, kiduha nacho, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinachomoza katikati ya mistari. Watu husema ardhi imechoka. Lakini ni nini hasa kilichopungua humo ardhini, na jembe linahusikaje?

Tuanze na hesabu. Tani moja ya punje za mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, huondoka shambani na karibu kilo 15 za naitrojeni, kirutubisho kinachokoleza majani kijani, mbali na ile iliyo kwenye mabua. Ekari ikitoa magunia 20, punje peke yake zimebeba kilo 30 hivi. Sasa mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 tu, na mara nyingi mmea hupata nusu yake au chini ya hapo. Inayobaki huruka hewani, au huzamishwa na mvua hadi mahali mizizi haifiki, au hubaki imeshikwa udongoni. Kwa hiyo hata mkulima anayeweka mbolea, sehemu kubwa ya chakula cha mahindi yake inatoka kwenye udongo wenyewe.

Udongo nao huitoa naitrojeni hiyo kwenye mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza udongoni. Porini, majani na mizizi huoza mwaka baada ya mwaka, na naitrojeni hukusanyika ndani ya mboji ikiwa imefungwa. Mizizi ya mahindi haiwezi kuila hivyo ilivyo. Lazima kwanza bakteria na kuvu waivunje na kuigeuza kuwa amonia, kisha naitreti, ndipo mmea uifyonze. Vijidudu hawa wanahitaji unyevu, joto na hewa.

Hapo ndipo jembe linapoingia. Ukitifua ardhi unapasua mabonge, na mboji iliyokuwa imejificha ndani yake inakutana na hewa. Vijidudu huishambulia, na naitrojeni hufunguka kwa wingi. Ndiyo maana nasema kulima chenyewe ni aina ya kutia mbolea, ila mbolea hiyo inatoka kwenye akiba ya shamba lenyewe, kama mfanyabiashara anayekula mtaji huku akidhani ni faida. Msimu wa kwanza akiba ni kubwa, hakuna anayeona pengo.

Mvua za kwanza huongeza kasi. Katika miaka ya 1950, mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa, vijidudu huamka ghafla na kuvunja mboji kwa nguvu, naitrojeni ikafunguka kwa mkupuo. Wanasayansi wa udongo duniani kote bado wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Ndiyo sababu mojawapo ya wazee kuhimiza kupanda mapema: anayechelewa hukuta mvua zimekwisha kuizamisha naitreti ile.

Nchi nzima zimewahi kudanganywa na mavuno ya ardhi mpya. Mwaka 1954 Umoja wa Kisovieti, chini ya Nikita Khrushchev, ulianza kulima mamilioni ya hekta za nyika huko Kazakhstan na Siberia ili kupata ngano. Mavuno ya 1956 yalivunja rekodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 upepo ulikuwa tayari unapeperusha udongo wa mashamba hayohayo.

Ardhi ikichoka kabisa, hufika wapi? Jibu liko Rothamsted, Uingereza, kwenye shamba la Broadbalk. John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza kupima ngano pale mwaka 1843, na jaribio linaendelea hadi leo. Kipande kisichopewa chochote tangu hapo kimekuwa kikitoa karibu tani 1 kwa hekta. Vipande vinavyopata naitrojeni pamoja na virutubisho vingine viwili, fosforasi na potashi, hutoa mara kadhaa ya hiyo. Kile kinachopewa samadi, tani 35 kwa hekta kila mwaka, nacho hutoa vizuri sana, na mboji yake imeongezeka zaidi ya maradufu. Kwenye mbolea ya dukani ongezeko la mboji ni dogo. Mbolea hiyo inalisha mmea, na inalisha kweli, sitaki mtu aidharau. Ila mboji inafanya kazi nyingine zaidi: inashika maji, inashika virutubisho visizame, na inaufanya udongo usigande.

Mboji ikipungua, makosa ya kulima huanza kuonekana. Plau au jembe likipita kina kilekile kila msimu, chini yake huundwa tabaka gumu. Mizizi ikifika hapo hupinda na kwenda pembeni, maji nayo husimama juu yake na kutiririka. Jua likiwaka wiki mbili, mahindi hunyauka ingawa chini kuna unyevu. Mfuko wa pili wa mbolea hausaidii shamba kama hilo. Linahitaji kupasuliwa kwa ripa, chuma cha kuchana ardhi bila kuigeuza, au kuchimbwa zaidi pale mbegu inapokaa. Chimba shimo moja uitazame mizizi, utajua.

Adui mwingine ni tindikali. Nyanda za juu za magharibi mwa Kenya na za kusini mwa Tanzania zina maeneo mengi yenye pH, kipimo cha tindikali, chini ya 5.5; kadiri namba inavyoshuka, ndivyo tindikali inavyozidi. Hapo alumini iliyomo udongoni huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi ya DAP, mbolea ya kupandia, hunaswa kabla mmea haujaifikia. Urea na DAP zikitumika miaka mingi bila kitu kingine huzidisha tindikali hiyo. Chokaa ya kilimo huitibu. Fosfeti ya Minjingu, mbolea ya fosforasi inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, nayo inafaa udongo wa namna hii kwa sababu tindikali huisaidia kuyeyuka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Mbinga, mkoani Ruvuma. Wamatengo hulima kwenye miteremko mikali kwa mtindo wa ngoro. Hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba. Kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Matokeo yake ni mashimo yaliyozungukwa na matuta: mvua inanaswa shimoni badala ya kubomoa mlima, na nyasi zinaoza ndani ya tuta.

Wakimaliza, huanza na maharage, mahindi yanafuata msimu unaokuja. Mpangilio huo una maana kubwa. Nyasi na mabua vina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo vijidudu wanaoviozesha hunyang'anya naitrojeni ya udongo. Mahindi yakipandwa papo hapo hupauka. Maharage hujipatia sehemu ya naitrojeni yake kutoka hewani, hivyo hayaumii sana, na mahindi yanapoingia nyasi zimekwisha kulainika.

Hata shamba tambarare linaweza kufuata hesabu hiyohiyo. Mabua yakichomwa, majivu hubakiza potashi, lakini naitrojeni karibu yote huondoka na moshi. Yafukiwe mara baada ya kuvuna ili yapate miezi ya kuoza, au yaachwe juu kama matandazo iwapo ng'ombe hawataachiwa shamba. Kama muda umebana na mvua zimekaribia, hapo tanguliza kunde au maharage, au weka naitrojeni kidogo wakati wa kupanda. Urea ya kukuzia nayo ifukiwe hata sentimita tano, maana ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na jua, sehemu yake hugeuka amonia na kupotelea hewani.