Kizibo Kinachojua Kutoka

Dawa ya kwanza ya vipokezi vya glutamati niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa ketamini, nikiwa mwanafunzi kwenye chumba cha upasuaji. Mgonjwa alikuwa amekodoa macho, mboni zikichezacheza, wala hakuhisi kisu. Alipumua mwenyewe na presha haikushuka. Kwa sababu hizo mbili, hospitali nyingi za wilaya huku kwetu bado zinaitegemea kama dawa ya usingizi. Nikauliza inafanyaje kazi, nikaambiwa inaziba kipokezi cha NMDA, mlango mmojawapo wa seli za ubongo unaopokea glutamati. Jibu lilikuwa sahihi. Baadaye, nilipoingia mwenyewe katika kazi ya kutafuta dawa, ndipo nilipoelewa kwamba kuziba kipokezi hiki ni rahisi mno, na kwamba tabu yote iko katika kukiachia.

Glutamati ni kemikali kuu ambayo seli za ubongo hutumia kuamshana. Vipokezi vyake ni vingi, ila NMDA ina masharti kuliko vingine. Glutamati peke yake haikifungui. Lazima iambatane na glisini au D-serini. Hata hapo, ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya magnesiamu imekaa ndani ya tundu lake kama kizibo, na haitoki mpaka seli iwe imekwisha kuamshwa kwa njia nyingine. Masharti yakitimia, kalsiamu inaingia, na kiungo baina ya seli mbili kinapata nguvu. Hivyo ndivyo tunavyojifunza na kukumbuka. Lakini kalsiamu ikifurika, seli inakufa. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani John Olney alieleza jinsi glutamati inavyoweza kuua seli za neva kwa kuziamsha kupita kiasi.

Kiharusi ndicho kilichowapa watengenezaji wa dawa tumaini kubwa. Damu ya kwenda ubongoni ikikatika, seli zinaishiwa nguvu na kumwaga glutamati ovyo. Basi ziba NMDA, uokoe ubongo! Kwa panya ilifanya kazi vizuri sana. Kwa binadamu, dawa moja ya kuziba NMDA, selfotel, ilisimamishwa katikati ya majaribio katika miaka ya 1990 kwa hofu ya vifo miongoni mwa waliopewa dawa. Nyingine, aptiganel, nayo ikashindwa. Gavestinel, iliyolenga mahali pa glisini, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,804, na matokeo yaliyotoka mwaka 2000 hayakuonyesha faida yoyote.

Nimeyarudia majaribio hayo mara nyingi, kwa sababu watu walijitolea miili yao na tunawiwa kuelewa. Jambo la kwanza ni saa: panya wengi walipewa dawa dakika chache baada ya mshipa kuzibwa, wengine kabla, ilhali mgonjwa aliweza kuipata hata saa sita baadaye. La pili, kwangu ndilo zito zaidi. Selfotel hugombania nafasi na glutamati yenyewe. Penye glutamati nyingi, yaani kwenye jeraha, dawa inasukumwa kando. Penye glutamati ya kawaida, kwenye sehemu za ubongo zisizojeruhiwa, inashinda. Unanyamazisha sehemu zenye afya na kuacha moto ukiwaka.

Ndiyo maana ninaiheshimu memantini, dawa nyingine inayoziba NMDA. Ilitengenezwa miaka ya 1960 ikitafutwa dawa ya kisukari, haikufaa. Haigombanii nafasi na mtu. Inasubiri tundu lifunguke, kisha inaingia. Kwa hiyo palipo na ufunguzi wa kupindukia, inaziba zaidi. Na haishiki kwa nguvu: ikiingia, inatoka upesi, ishara za kawaida zikapita. Dawa ya majaribio MK-801 huingia kwenye tundu hilohilo lakini inang'ang'ania humo, na iliwadhuru panya seli za ubongo. Mahali ni pale pale, tofauti ni muda wa kukaa. Mwaka 2003, jaribio la wagonjwa 252 wa Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, waliofikia hatua ya kati hadi kali lilionyesha kuwa memantini hupunguza kasi ya kudidimia. Haiponyi, na familia za wagonjwa zinastahili kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Ketamini iko katikati ya hizo mbili, na ndiyo imetushangaza. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliripoti kwamba dozi ndogo, nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, iliwapunguzia watu sonona ndani ya muda mfupi, wakati dawa zilizozoeleka huchukua wiki kadhaa. Nduguye, esketamini ya kupuliza puani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, na mgonjwa huangaliwa kliniki kwa saa mbili kila anapoitumia. Maelezo yanayonivutia ni kwamba dozi hiyo huziba kwanza NMDA za seli ambazo kazi yake ni kutuliza wenzao; glutamati inapanda kwa muda, vipokezi vya AMPA, aina nyingine ya vipokezi vya glutamati, vinaamka, na viungo vilivyodhoofu vinajengwa upya. Dawa imeshaondoka mwilini, nafuu inabaki siku kadhaa.