Mkataba wa Wamaasai wa 1904 Hauna Miaka 99

Tangu madai ya Wamaasai kutaka warudishiwe ardhi ya Laikipia, Kenya, yalipopamba moto mwaka 2004, haupiti mwezi bila mtu kufika kwenye dawati la nyaraka akitaka "ule mkataba wa miaka 99 uliokwisha." Hatuna cha kumpa, kwa kuwa haupo. Mkataba wa Agosti 1904, kati ya Kamishna Donald Stewart na wazee chini ya laiboni (kiongozi wa kiroho) Olonana, unasema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Miaka 99 ni ya hati za kukodisha walizopewa walowezi kwa sheria ya ardhi ya 1902. Mwaka 1915 ikawa 999. Tumelieleza hili hadi tumechoka.

Ukiusoma wenyewe, utaona wazee hawakuweka dole gumba kama vipofu. Sotoka na homa ya mapafu vilikuwa vimemaliza ng'ombe wao miaka ya 1890, na ndui ikawamaliza watu. Morani walijaza maboma upya kwa ng'ombe wa nyara waliogawiwa, wakiandamana na Waingereza kuwapiga majirani. (Hilo wanaokuja hapa hawapendi kulisikia.) Basi walipoondolewa Naivasha na Nakuru walidai, na wakaandikiwa, njia yenye upana wa nusu maili kuunganisha maeneo mawili waliyotengewa, la Laikipia na la kusini, pamoja na maili 5 za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya jando.

Miaka 7 baadaye Laikipia nayo ikatakiwa. Mkataba wa 1911 ukaandikwa, na watu wapatao 10,000 wakaswagwa kusini na mifugo yao. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa kaskazini, aliacha mkuki akatafuta wakili Mombasa. Kesi hiyo, ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, ilitupwa mwaka 1913, rufaa ikatupwa mwaka huohuo: majaji walisema Wamaasai ni kama taifa la kigeni, na mkataba wa mataifa mawili hauamuliwi na mahakama ya kawaida. Raia hawakuwa, ila kodi walitozwa.

Ieleweke kwamba ofisi hii haina msimamo kuhusu dai lolote la sasa. Sisi ni watunzaji wa nyaraka.

Anayetaka kusoma nakala aje na kitambulisho cha asili, si picha ya simu. Ajaze fomu ya ombi akitaja mwaka na wilaya. "Faili la Wamaasai" si ombi, yako mamia. Faili hutolewa moja moja, na la pili halitoki kabla la kwanza halijarudi na kuhesabiwa kurasa. Kuchana, kuandika juu ya waraka au kutoka nao ni kosa la jinai, hata kama jina lililomo ni la babu yako. Penseli inaruhusiwa. Kalamu ya wino huachwa mlangoni.