Dawa inayochagua seli za kubaki: maswali ya wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Niliwaeleza wanafunzi wa sayansi wa mikoa hii miwili kwamba maabara huweka viuavijasumu kwenye seli za binadamu kwa makusudi ili nyingi zife. Haya ndiyo waliyoniuliza.

Dawa hiyo si ya kuzilinda seli?

Ipo ya kulinda. Penisilini huwekwa ili bakteria wasiote ndani ya chupa zinamokuzwa seli. Huvuruga ukuta wa bakteria, na kwa kuwa seli ya binadamu haina ukuta huo, haidhuriki. Puromisini na jenetisini ni habari nyingine, kwani huizuia seli yenyewe kutengeneza protini, nayo hufa.

Kuna faida gani kuua seli unazozitunza?

Mtafiti anapoingiza jeni mpya, seli chache tu hubaki nayo, na kwa kuzitazama huwezi kuzitofautisha na nyingine. Kwa hiyo jeni hiyo huambatanishwa na jeni ya usugu, yaani inayoifanya seli isiuawe na dawa, kisha dawa huwekwa. Kwa puromisini, ndani ya siku chache seli zisizo na usugu hunywea, huwa duara, hubanduka chini ya chupa na kuelea kama makapi ya ufuta kwenye ungo unaopepetwa huko Lindi. Maji ya lishe yakibadilishwa huondoka nayo, na zile zilizoshikilia chini huanza kuzaana katika vikundi vidogo vidogo. Jenetisini huenda taratibu, wiki moja hadi mbili, na hapo subira inahitajika sana.

Kipimo ni kiasi gani?

Puromisini mara nyingi huwa kati ya mikrogramu 1 na 10 kwa mililita, lakini kila aina ya seli ina ustahimilivu wake. Ndiyo maana seli zisizo na jeni ya usugu hujaribiwa kwanza kwa vipimo vinavyopanda, na huchaguliwa kile cha chini kabisa kinachoziua zote. Kikipungua, zisizotakiwa hubaki na kupotosha majibu. Kikizidi, hata zenye jeni hufa. Kwa maoni yangu, anayeruka jaribio hili ameiharibu kazi kabla hajaianza.

Je, mwilini hutokea hivyo hivyo?

Kwa bakteria, ndiyo: wanyonge hufa, sugu hubaki na kuzaana. Kwenye chupa tunautafuta usugu huo, mwilini unatuumiza. Anayenunua vidonge vinne vya amoksilini kwa ajili ya mafua, ambayo husababishwa na virusi, hapati nafuu yoyote kutokana navyo, ila huwaachia nafasi bakteria sugu walio tumboni mwake.

Mabaki hupelekwa wapi?

Hayamwagwi mtaroni yakafika baharini. Jeni hizi hukuzwa kwanza ndani ya bakteria waliopewa usugu, mara nyingi wa ampisilini, dawa tunayoitumia hospitalini. Bakteria hao huuawa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi, na puromisini iliyobaki, ambayo ni sumu kwa binadamu, hukusanywa kando kama taka ya kemikali.